Trafiki Wawili wa Blogu ya Serikali

Serikali inapenda kuwatangazia wananchi wote kwamba blogu sasa zimepata mwenyewe. Ilikuwa imegundulika kuwa watu wa kawaida, wasio na cheo wala ofisi, wengine wakiwa wamelala chali vitandani, walikuwa wakiandika mambo yao mtandaoni, wakisomwa, na kupata faida bila kibali cha mtu yeyote. Waziri aliona hali hiyo haiwezi kuachwa hivi hivi. Ikaundwa Idara ya Blogu, ikapewa ghorofa ya tatu, zulia jipya na Mkurugenzi.

Mkurugenzi alitolewa Idara ya Mihuri, chini kabisa ya jengo, katika chumba kisicho na dirisha, ambako alikuwa amekaa miaka mingi akihakikisha wino haukauki. Sasa alikuwa na dirisha. Alikuwa pia na kiti kinachozunguka, na asubuhi ya kwanza alizunguka nacho mpaka katibu muhtasi wake akaingia, akatoka, akagonga mlango, akaingia upya.

Waziri alimpigia simu kumpongeza. Alimweleza, kwa ule upole wa wakubwa, kwamba blogu ikileta faida kabla ya bajeti atakaa juu mpaka astaafu. Isipoleta, mihuri bado inamsubiri.

Mkurugenzi hakuwahi kuandika blogu wala kusoma hata moja. Hilo halikumtisha, maana hakuwahi kuchonga muhuri pia. Alimwita mshauri, mama mmoja mcheshi aliyekuwa na blogu yake ya ushonaji iliyokuwa ikimsomeshea watoto. Mama yule alimweleza mambo ambayo kila anayeanza anapaswa kuyajua: achague jambo moja analolifahamu, aandike mara kwa mara, aandike kama anazungumza na mtu aliyeketi mbele yake, na awe na subira, kwa sababu matangazo ya biashara huja baada ya wasomaji.

"Lakini kubwa kuliko yote, mheshimiwa, ni trafiki," alimalizia. "Blogu bila trafiki ni sawa na duka lisiloingia mteja."

Mkurugenzi aliandika neno trafiki, akalipigia mstari. "Wangapi?"

"Wengi iwezekanavyo."

"Kwa kuanzia tutaomba wawili."

Mshauri alidhani ni utani. Akacheka vizuri, akaaga, akaenda zake.

Ikaitishwa Kamati ya Blogu, Mkurugenzi akiwa mwenyekiti. Katika kuchagua jambo moja, kila mjumbe alikuja na la kwake. Kulikuwa na kilimo, kulikuwa na usalama wa ngazi, kulikuwa na adabu za kupanga foleni, na mzee mmoja wa Mipango alisema hatatoka mle ndani bila mabomba. Karibu washikane mashati. Mwishowe waliangalia ajenda, wakakuta kipengele kimoja tu ambacho hakijawahi kuwa na adui katika kikao chochote: Mengineyo. Blogu ikaitwa Mengineyo, na ikaamuliwa kwamba itahusu hayo.

Kisha trafiki wakafika. Walikuwa askari wawili wa barabarani, sare nyeupe, glavu nyeupe, filimbi shingoni. Ofisi iliwaita Mrefu na Mfupi. Walisimama kulia na kushoto kwa kompyuta, wakaitazama.

"Magari yako wapi, afande?" aliuliza Mfupi.

"Yatakuja," alisema Mkurugenzi. "Tumeshauriwa tuwe na subira."

Askari hawakuzoea kukaa bure. Wakahamia kwenye korido. Kabla ya saa ya chai walikuwa wameifanya kuwa ya njia moja, kwa hiyo aliyetaka kwenda msalani ilimbidi ashuke ngazi za mbele na kupandia za nyuma. Naibu Mkurugenzi alisimamishwa kwenye kona kwa kosa la kumpita mkubwa wake upande wa kushoto. Alikata rufaa kwenye kamati.

Makala ya kwanza nayo ilifika kamatini. Ilianza na neno "Karibuni," nayo haikuvuka hapo. Mwanasheria alionya kwamba neno hilo linaweza kuwafanya wananchi waje. Ikapendekezwa "Mnaweza kufika," ikaonekana ni ahadi. Ikapendekezwa "Mmeonekana," ikaonekana ni kitisho. Makala ikaundiwa kamati ndogo.

Katibu muhtasi alimfuata bosi wake kumwambia kwamba blogu bado ni tupu kabisa. Aweke nini?

"Weka kilichopitishwa na kamati," alisema Mkurugenzi kwa uzito. "Ambacho hakijapitishwa, hata nukta isitoke."

Katibu muhtasi, mama wa watu, alipekua mafaili yote. Kitu pekee ambacho kamati ilikuwa inakipitisha, tena kwa mikono yote juu, ni kumbukumbu za kikao kilichopita. Akaziweka. Kamati ilipokaa tena ikapitisha nyingine, naye akaziweka. Alikuwa amefundishwa kuandika kila neno kama lilivyotamkwa, na majina ya watu kuyaacha.

Jioni moja Mkurugenzi alimkuta mkewe jikoni, simu mkononi, machozi yakimtiririka.

"Kuna msiba?"

"Hamna, mume wangu. Ni blogu moja hii. Wazee wazima wamekaa asubuhi yote wanagombana na neno karibuni." Alijifuta kwa kanga. "Sasa mwenyekiti wao ndiye kiboko. Kaambiwa atafute wasomaji, yeye kaenda kuita trafiki wa barabarani waje kwenye kompyuta."

"Kosa lake liko wapi?"

Mkewe alimtazama. Akaitazama simu. Akamtazama tena.

"Baba watoto," alisema polepole, "hiyo blogu yenu inaitwaje vile?"

"Mengineyo."

Mama watoto alizima simu, akavuta kiti. "Kaa ule," alisema, na sauti ilikuwa ya huruma sana. Mkurugenzi akaelewa kwamba mkewe anamwonea fahari, ila hajui namna ya kusema.

Wasomaji waliongezeka, wakamwagika. Wakaja wauza magodoro, wauza sabuni na wauza miamvuli, wote wakitaka tangazo lao likae karibu na kikao. Foleni ilishuka ngazi hadi barabarani, na Mrefu na Mfupi, kwa mara ya kwanza, wakafanya kazi waliyosomea. Mkurugenzi alisimama dirishani akatikisa kichwa. Kumbe yule mshauri alisema kweli. Walipofika trafiki, watu wakafuata.

Waziri aliingia katikati ya kikao, amefura. Alisema Serikali inachekwa sokoni, inachekwa hospitalini, na dereva wake mwenyewe ameegesha gari pembeni ili acheke vizuri. Blogu ifungwe leo hii. Na Mkurugenzi arudi kwenye mihuri yake.

Mkurugenzi alishika mikono ya kiti chake, kulia na kushoto. Kilichosikika ni vidole vya katibu muhtasi.

"Wewe unaandika nini?"

"Hilo swali, mheshimiwa."

Waziri akageuka, akakutana na glavu nyeupe. "Na hawa ni nani?"

"Ndio trafiki wa blogu," alijibu Mkurugenzi kwa sauti ndogo.

"Wawili?" alifoka Waziri. "Blogu ya taifa zima, trafiki wawili? Sasa faida itatoka wapi?"

Mzee wa Mipango aliinamisha uso. Vidole viliendelea.

Amri ya kufunga blogu, kwa mujibu wa taratibu, haikuwa na nguvu mpaka kamati ithibitishe kumbukumbu za kikao ilimotolewa. Kamati ilikaa, ikathibitisha kwa mikono yote juu. Na kilichopitishwa, kama alivyoagiza Mkurugenzi, kikatoka kwenye blogu.

Nchi haikulala. Wauza magodoro walirudi mbio. Asubuhi likashuka agizo kutoka juu kabisa: Idara ya Blogu ndiyo pekee inayoleta faida katika Serikali nzima, isiguswe wala isiboreshwe. Wasomaji wanamtaka yule mgeni aliyefoka kwamba trafiki wawili hawatoshi. Kwa hiyo Waziri apumzishwe uwaziri, awe mjumbe wa kudumu wa kamati, na apewe ofisi humo humo jengoni.

Ofisi iliyokuwa wazi ilikuwa moja tu.

Waziri alifika na boksi lake la vitu mikononi. Kwenye ngazi Mfupi alipuliza filimbi, akawasimamisha watu wote. Mrefu alinyoosha mkono, akampisha kwa heshima zote.

"Pita, mheshimiwa," alisema. "Shuka moja kwa moja mpaka mwisho. Angalia usikanyage wino."