Ngawa Wako Yuko Kwangu, Bi Sheha

Kwa Bi Sheha wa shehia yetu,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na ile homa ya mjukuu wako Mungu aiondoe. Sisi huku ni wazima isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenishikisha kalamu.

Ada yetu unaijua, maana umetusuluhisha kwayo mara nyingi. Mnyama akiingia kwenye mali ya mtu akala, hukamatwa akafungwa, na hafunguliwi mpaka mwenyewe aje, aombe radhi, wapeane mikono. Basi mimi nimemkamata ngawa, yule mnyama wa mwituni mfano wa paka mkubwa mwenye madoa, ndani ya banda langu la kuku, manyoya ya mtetea wangu yakiwa yamemganda mdomoni. Nikamtia kizimbani. Ijumaa baada ya sala nilisimama msikitini nikatangaza kwamba mwenye ngawa ajitokeze. Watu walicheka, na imamu akaniomba nikae chini. Hajatokea mtu mpaka leo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwenyewe ni wewe. Nimelifikiri jambo hili kwa utulivu. Ngawa ni wa msitu, msitu ni wa serikali, na serikali katika shehia hii ni wewe. Kwa hiyo mnyama wako amekula kuku wangu, nawe unapita mlangoni kwangu ukienda kazini, unanisalimia kwa bashasha kana kwamba hakuna lililotokea.

2. Ngawa wako hatulii. Jua likizama tu huanza kutembea: pembe hii, pembe ile, anageuka, anakanyaga palepale alipokanyaga, mpaka chini pamefanya njia. Nilidhani ana njaa. Nikampa dagaa, nikampa papai, nikampa hata mkate wa mofa. Hula akamaliza, kisha akaendelea. Mke wangu, Tatu, hapati usingizi kwa mkwaruzo wa kucha, na amesema, "Ngawa akikaa, miye ntakwenda zangu kwetu Makoongwe." Mambo ya ngawa wako yatanivunjia nyumba.

3. Nadhira, binti wa kaka yangu, anasoma habari za wanyama pori huko Unguja. Alipokuja likizo alichuchumaa mbele ya kizimba muda mrefu akimtazama. Kisha akanieleza kwamba wanyama hawaumii sawa wakifungwa. Anayekula na kulala mahali pamoja huweza kuvumilia, lakini aliyezoea kwenda mbali huteseka, na kule kuzunguka ndiko kuteseka kwenyewe. Mimi nilikuwa nikisema ananyoosha miguu. Nikamuuliza huyu wetu hufika wapi. Akanyoosha kidole: bondeni kwenye mpunga, mikarafuuni, mpaka karibu na Shumba Mjini, halafu hurudi kwa njia nyengine. Akasema kizimba cha kumfaa kingebidi kiwe na ukubwa huo.

4. Kwa hiyo naomba waya. Uzunguke bonde, mikarafuu yote, kisima na skuli. Najua utasema hakuna fungu, na mimi sipendi kuitia serikali hasara, kwa hiyo nimetafuta njia nyepesi. Tujizungushie sisi. Binadamu wa hapa hatembei sana: nyumbani, msikitini, dukani, kwenye bao, basi. Kuku ndio kabisa. Tukiingia sisi na kuku ndani ya ua mdogo, ngawa akabaki nje, kila kiumbe atakuwa amepata nafasi ya kiasi chake. Naomba ulifikishe wilayani.

5. Kabla ya waya, uje uombe radhi. Fidia sitaki. Nataka tupeane mikono mbele ya majirani, ndipo nimfungue. Mimi ni mtu wa ada, na sitamfungua mnyama wa mtu pasipo mwenyewe.

Wasalimie wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na jirani yako aliyeazima ngazi yangu naye msalimie.

Ni mimi raia wako mtiifu,
Msellem

Nyongeza: Bi Sheha, radhi usije kuomba. Baada ya Maghrib nilikwenda kumtilia maji nikaona nyayo zake zimechubuka, zinatoka damu, na nikashindwa. Nimeufungua mlango wote nikakaa mbali. Alitoka vizuri. Nilifurahi mpaka nikamwita Tatu aje aone. Lakini hakwenda. Amefika katikati ya uwanja na anatembea pale, upana uleule wa kizimba, anageuka mahali ambapo hapana ukuta. Nadhira nampigia simu hapokei. Tatu amezima taa asimbabaishe, amekaa kando yangu, na mikarafuu iko palepale mbele ya ngawa. Naona haya, na naogopa. Nimemuomba radhi mimi, kwa sauti, mke wangu akisikia. Bado anazunguka.