Kompyuta Arobaini na Mbili na Kibali cha Bi Mwanakombo

Ndugu zangu, kosa wanalofanya watu wengi, programu inapokataa kufunguka baada ya kompyuta kupandishwa daraja, yaani kuwekewa mfumo mpya, ni kuilaumu kompyuta. Kosa hilo nitalieleza kituo kwa kituo, maana nimejaliwa subira. Lakini itifaki haina haraka, kwa hiyo niruhusuni kwanza nimtambue Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi ya Kompyuta, makamu wake, katibu wa makamu wake, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Utepe, viongozi wetu wa dini, mabalozi wa nyumba kumi, wazee wa Tabata, wenye nyumba na wapangaji wao, Bi Yustina karani wetu wa dirishani, binti yetu Noela fundi wa kompyuta, na ninyi wafanyabiashara wa Soko la Kwa Fakihi, mliokuja kufuata vibali vya meza mkabahatika kupata hotuba. (Makofi ya mtu mmoja. Ni Salumu, muuza miwa, wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri meza sokoni.)

Mimi mtumishi wenu Albano, Mratibu Mwandamizi wa Mageuzi ya Kidijitali, nasimama mbele yenu saa tano na dakika ishirini asubuhi nikiwa na kurasa kumi na nne tu. (Miguno. Bi Mwanakombo, muuza chapati, anasimama: "Samahani baba. Mie kibali changu kinakwisha leo saa sita mchana. Ikipita hiyo sina karatasi, meza anapewa huyu hapa." Anamwonyesha Salumu. Salumu anapiga makofi.)

Mama yangu, swali zuri sana, na jibu lake lipo ukurasa wa kumi na moja.

Miezi minne iliyopita, kwa maono ya ofisi hii, na nikisema ofisi hii kwa unyenyekevu namaanisha mimi, tulipandisha daraja mfumo endeshi wa kompyuta arobaini na mbili. Zilipoamka zilikuwa zimependeza, kioo kimejaa picha ya maua, ila programu ya kuchapa vibali ilikuwa haimo. Je, tulitaharuki? Hatukutaharuki. Tuliunda Kikosi Kazi cha Usambazaji Jumuishi wa Vifurushi vya Programu, na kikosi kikakutana, kikapata chai, kikaunda kamati. (Salumu: "Endelea, mheshimiwa! Usikatishwe!" Bi Mwanakombo: "Wewe Salumu, miaka sita unakula chapati zangu, leo unataka kula na meza?" Kicheko. Salumu: "Mie namheshimu tu mzee, mama.")

Sasa nifafanue polepole, ili hata asiyewahi kugusa kompyuta asibaki nyuma. Seva ni kompyuta kubwa iliyoko chumba cha nyuma, na kazi yake ni kama ya mama mwenye shughuli anayegawa pilau kwa majirani. Kila jirani anapelekewa sahani iliyofunikwa kawa. Sahani ndiyo kifurushi, pilau ndiyo programu, na majirani ndizo hizi kompyuta zetu. Ukipandisha daraja ni sawa na jirani kuhama nyumba: sahani ikipelekwa mlango wa zamani, jirani atalala njaa, na wala si kosa lake. (Sauti kutoka nyuma: "Mzee, njaa tunayo sisi!")

Kwa hiyo tulitafuta tatizo kwa mbinu shirikishi. Tulizizima kompyuta tukaziwasha. Tulibadilisha nyaya, kisha tukabadilisha wanaobadilisha nyaya. Tulituma wajumbe tisa kwenye semina elekezi ya siku tano, wakarudi na mabegi. Na leo natangaza kwa fahari kwamba dashibodi yetu, ule ubao wa takwimu kwenye kioo, inaonyesha vifurushi vimepokelewa na kompyuta zote, asilimia mia moja, hakuna hata moja iliyokataa, mafanikio ambayo ukilinganisha na siku tulipokuwa hatujaanza ni makubwa mno! (Bi Mwanakombo: "Sasa mbona hazichapi?") Mama yangu, kupokea ni kiashiria kimoja na kuchapa ni kiashiria kingine. Kuchapa kumo katika awamu ya tatu.

(Noela anapita mbele, anaweka kikaratasi mezani.)

Naona binti yetu ameniletea kikaratasi. Kwa uzoefu wangu wa mikutano, kikaratasi husema moja kati ya mambo mawili: muda umekwisha, au kuna gari limeziba njia. Nitakisoma kwenye shukrani, kila jambo na mahali pake. (Noela: "Mzee, kisome sasa hivi, tafadhali." Salumu: "Mwache mzee amalize, sista!") Subira, binti.

Nikisema "Kifurushi!" mjibu "Kimefika!" Kifurushi! (Umati: "Hakijafika!" Salumu, peke yake: "Kimefika!") Kompyuta mpya! (Umati: "Kibali kiko wapi?") Ahsanteni kwa ari hiyo.

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Noela, na nasoma maneno yake kama alivyoyaandika. "Shikamoo mzee. Nimefungua folda ya kifurushi kwenye seva. Hakuna programu ndani. Zimo picha mia tatu na kumi na nane za siku ya kukata utepe. Kompyuta zote zimepokea picha hizo vizuri. Nimempigia mtaalamu aliyetajwa kwenye ripoti ya kikosi kazi kuwa ndiye aliyeandika programu mpya. Anasema hajawahi kuombwa. Daftari la vibali la zamani lipo kabatini, bado ni halali, na mhuri una wino. Sasa ni saa sita kasoro dakika kumi na tano."

(Albano anakikunja kikaratasi.)

Ndiyo. Basi nawashukuru wote mlioshiriki katika mradi huu ambao, kama mlivyosikia, haukuwahi kuwepo, isipokuwa utepe wake, nilioukata kwa mkono wangu, na naambiwa katika picha nimetokea vizuri. Kwa miezi minne tumewapelekea majirani arobaini na wawili kawa nzuri, ya rangi, imesukwa ikasukika, na chini yake hakuna sahani. Wakaguzi wameisifu kawa. Mimi nimeisifu kuliko wote. Nilianza kwa kusema watu huilaumu kompyuta bure. Kompyuta zetu zilipokea kila tulichozipa. Ni sisi, hakuna hata mmoja wetu aliyeinua kawa akatazama. (Salumu anapiga makofi, anagundua yuko peke yake, anaacha. Bi Mwanakombo: "Dakika kumi, baba.")

Salumu, kaa chini, mwanangu. Kurasa tatu zilizobaki sitazisoma.

Bi Yustina, toa lile daftari kabatini sasa hivi, andika kibali cha Bi Mwanakombo kwa mkono, ugonge mhuri kabla ya saa sita.