Bomba Jembamba la Mjukuu Wangu

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Mjukuu wangu kafunga mtambo wake chumba cha nyuma. Bomba lenyewe jembamba kama kidole changu cha mwisho! Kalijaza punje nyeusi, mwenyewe anaziita kichocheo. Mvuke wa spiriti na hewa vikipita humo vinatoa joto bila moto. Nje maji yanazunguka kulipoza. Ijumaa mtahini anakuja. Bomba likienda muda wa saa tatu bila joto kuvuka nyuzi mia tatu, binti huyu anapata kazi maabara. Likivuka, anarudi kuuza vocha.

Jirani mshonaji kachungulia, kasema mrija wa soda ni mnene kuliko hilo. Nikamwambia hata sindano yake nyembamba, na ndiyo inayomlisha. Kaondoka kanuna. Siku njema.

Jumanne, tarehe 4
Joto linapotea bure! Mimi nimelelewa kufunika chungu. Binti kaenda kuoga, nikafunga maji, nikalivika bomba blanketi langu la sufu. Mshale wa kipimajoto ukapanda kama mbuzi mwenye haraka. Mia nne na themanini! Blanketi limetoboka, punje zimegandamana kama ukoko.

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Kasema tu, "Bibi, humu joto huzaa joto. Tusipolitoa, linatula."

Kanieleza ndiyo maana bomba ni jembamba, ili joto la katikati liwe karibu na ukuta wa kutokea. Nikasema nimeelewa. Uongo mtupu.

Jumatano, tarehe 5
Punje zilizobaki nzima hazijazi hata nusu ya bomba. Binti kakaa juu ya ndoo, chakula hataki. Mwishowe kasema shanga ndogo za kioo zingesaidia: zichanganywe na punje, joto lisirundikane mahali pamoja.

Shanga anazo nani mtaa huu? Mshonaji!

Nimeenda. Nimepiga goti moja, la pili lina baridi yabisi. Kataka nitamke mara tatu kwamba sindano yake ina heshima. Kwa mjukuu wangu ningetamka mia. Kanipa kikombe kizima cha shanga za gauni la bibi harusi, kisha kanisukumia na kiti nipumzike. Mwanamke mbaya yule, lakini ana moyo.

Ijumaa, tarehe 7
Nimekalishwa mlangoni, mikono mapajani, kwa amri. Muda wa saa tatu. Mshale haukuvuka mia mbili na themanini. Kazi kapata! Nimelia, nikamwambia mtahini ni vumbi.

Mtahini kasema sasa wataunda mabomba ishirini kama hilo, yasimame bega kwa bega. Ishirini! Na nani atayajaza? Mtoto wangu huyu mwenye vidole vya kuonewa huruma?

Jumamosi, tarehe 8
Nimeshaongea na fundi bomba. Jumatatu analeta bomba moja tu badala ya hayo ishirini, nene kama paja langu. Binti hajui. Atanishukuru.