Piko kwenye Gari ya Biharusi

Jumanne, 5 Agosti 2025
Binamu yangu Yusra anaolewa Ijumaa. Kwetu, gari inayombeba biharusi, msichana wa mwenye gari ndiye anayekaa naye nyuma. Miaka yote gari ni ya Baba. Kwa hiyo nafasi ni yangu. Tena imeumbwa kwa mtu mwenye haya: biharusi hasemi, kainamisha kichwa, na wa pembeni yake hatakiwi kusema. Kunyamaza nna kipaji.

Leo Shadya, rafiki yake Yusra, kaleta fitina. Kamwambia Yusra kromu ya gari yetu, vile vyuma vyeupe, inang'aa kama masufuria ya shughuli. Ya kaka yake Suhail imetiwa weusi kote, ndiyo fasheni. Yusra kasema atafikiri. Nilikuwa na jibu kali sana. Nimelipata nilipofika kwetu Michenzani, ngazi ya tatu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimekwenda kwa fundi wa rangi za gari, mtaa wa Amani. Nimesimama robo saa ndipo akajua nna shida. Kasema kazi ya siku tatu, na mwenye gari aje mwenyewe. Haiwezekani. Baba huipangusa kromu ile kila asubuhi kwa singlendi yake ya zamani. Baba asiulizwe. Atafurahi baadaye.

Alkhamisi, 7 Agosti
Nimepata. Mama huchora maharusi mikono kwa hina na piko. Piko ni nyeusi kuliko rangi ya fundi yeyote, na wiki mbili haitoki. Mkono wangu hautetemeki. Nshaficha bakuli moja.

Ijumaa, 8 Agosti
Baba alipokwenda msikitini nimepaka yote: mikanda ya madirisha, vyuma vya mbele, vitasa vya milango. Nikampelekea Yusra picha. Kajibu: basi ni gari yenu. Baba karudi, kaizunguka mara mbili, kauliza nani kaiua gari yake. Majirani wakamwambia sasa kama ya balozi. Akanyoosha kola.

Alasiri tukamchukua Yusra kwao Amani. Kashika kitasa mwenyewe. Jua kali, mikono jasho. Piko haikushika kwenye chuma. Ilishika kwenye ngozi, ndiyo kazi yake. Maua ya kiganja chake, kazi ya Mama ya siku mbili, yakawa giza moja.

Nafasi nikaipata. Ila kutoka Amani mpaka Kiembe Samaki biharusi hakunyamaza hata kidogo. Kaniuliza mimi ni mtu au ni balaa. Kasema angejua angepanda baiskeli. Nami sikuwa na la kusema, kwa hiyo upande wangu mila ilitimia.

Tulipofika, Mzee Kheir, baba wa bwana harusi, kaja kumfungulia mkwewe mlango. Kisha akawapa mkono wageni wote.

Jumamosi, 9 Agosti
Mama kanitazama tu, nikakiri yote. Baba kaisugua gari kwa ndimu, kromu imerudi. Mikono haijarudi. Inasemekana Mzee Kheir kaswali nyuma kabisa leo.

Nimelifikiri jambo hili kwa utulivu. Rangi ilikuwa nzuri, kila mtu kaisifu. Kosa ni watu kushikashika. Ulfat wa ghorofa ya chini anaolewa mwezi ujao. Nimepita duka la dawa: boksi moja lina glavu mia. Nimeomba maboksi mawili, kwa sauti iliyosikika.