Nyumba Yangu Si Burundi Nzima

Mutanga Sud, Bujumbura
Machi 1998

Kwa Bwana Herménégilde,
Mkurugenzi wa Taasisi ya Tafiti za Sanaa, Jamii, Ufundi na Tiba

Bwana Mkurugenzi, jirani yangu mheshimiwa,

Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa. Barua hii ilipaswa kukufikia tangu mvua zilipoanza, lakini kila nikishika kalamu mtoto anaamka, na kila akilala anabisha hodi mtafiti wako mmoja. Leo nimemfunga mgongoni na naandika nimesimama, karatasi ikiwa juu ya kabati. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue ni mimi nambembeleza.

Mimi ni Soumaya, mke wa Yahaya fundi magari. Tumepanga ile nyumba ndogo ya uani, mlango wa kwanza ukitoka getini kwenu. Kwa sura pengine hunijui. Kwa karatasi unanijua sana, maana nimeambiwa kwamba mimi ndiye Burundi.

Sijisifu. Watafiti wako wenyewe wamenieleza. Kazi yao ni kwenda mikoani kuuliza watu, kuwapima na kuwarekodi. Lakini njia za mikoani haziendeki, magari yanapigwa risasi, na hata pale panapoendeka petroli hakuna, kwa sababu ya hivi vikwazo tulivyowekewa na nchi jirani. Gari lenu liko juu ya matofali. Yahaya ndiye aliyelipandisha. Basi watafiti wanatoka getini kwa miguu, wanatazama kulia, wanatazama kushoto, halafu wanaingia kwangu.

Elimu naiheshimu. Mimi mwenyewe niliishia shule ya msingi, na mwanangu Faridi, akijaliwa, nataka apite hapo mpaka afike huko mliko. Lakini nina malalamiko. Nimeyapanga kwa namba, kama wanavyopanga wao, ili usipate shida kuyaelewa.

1. Jamii. Bwana Musafiri, wa mambo ya jamii, ni mtu mpole na viatu vyake anavivua mlangoni. Shida yake ni kwamba hanikubali nilivyo. Akikaa tu kwenye kigoda anasema, "Mama Faridi, leo nakuomba uwe mama wa Ruyigi, mwenye shamba la muhogo." Nikimwambia shamba sina, nina ndoo mbili za vitunguu majani, ananituliza: "Apana, we jibu tu kama ungekuwa nalo." Nimekuwa mkulima wa chai wa Muramvya. Nimekuwa mke wa mvuvi wa Rumonge, mimi ambaye harufu ya samaki mbichi inanitapisha. Hayo yote nilivumilia. Lakini wiki iliyopita alinitaka niwe mjane wa Cankuzo, na Yahaya alikuwa amekaa palepale anakula ugali na ndagala. Bwana Musafiri akamtazama kwa huzuni, akamwambia, "Kaka, samahani, unaniharibia sampuli." Mume wangu alitoka na sahani yake akaenda kumalizia chakula chini ya dirisha, kwenye manyunyu, na kila nilipojibu habari za marehemu alikuwa anakohoa huko nje. Tangu siku hiyo nikimwita Yahaya kula ananiuliza kwanza, "Leo niko hai?"

2. Sanaa. Dada Spéciose anakusanya nyimbo za kale za kubembeleza watoto. Nilimwambia sizijui, mama yangu alikuwa akitutisha kwa paka tu tukalala. Mimi namwimbia Faridi chochote kinachonikera siku hiyo. Akasema hicho hicho. Nikaimba, "Baba yako yuko wapi, chuma kimemmeza, miguu tu inaonekana," kwa sababu Yahaya alikuwa chini ya lori la watu na chakula kilikuwa kinapoa. Bwana Mkurugenzi, nasikia mmeandika kwamba huo ni wimbo wa wafua chuma wa zamani, kuhusu mnyama mkubwa aliyemeza mababu. Nilimweleza Dada Spéciose ukweli, wa lori na yote. Alinishika mkono akasema, "Ona jinsi asili ya mambo inavyosahaulika." Lakini si hilo linaloniumiza. Linaloniumiza ni ile mashine yake ya kurekodi. Faridi ameizoea ile taa yake nyekundu, na sasa mimi nikimwimbia bila taa nyekundu ananitazama kama mtu aliyekuja bila kualikwa. Mmenifundishia mtoto kulala kwa umeme katika mtaa ambao umeme unakuja ukipenda.

3. Ufundi. Injinia Rénovat ameniundia jiko la kisasa lisilotoa moshi, la kufaa "familia ya Burundi". Amelipima vizuri sana kwenye sakafu yangu. Sakafu yangu, kama utakavyoona siku ukinitembelea, imeinama kuelekea mlangoni, kwa sababu aliyeijenga alikuwa na haraka. Kwa hiyo jiko lina mguu mmoja mrefu kuliko mingine. Kwangu linakaa wima kama askari wa gwaride. Mkatengeneza mengine mengi yaleyale, mkayagawa Kanyosha, ambako watu wana sakafu za kawaida. Wifi yangu Fatouma alipewa moja. Maharage yake yote yanakusanyika upande mmoja wa sufuria kama watu waliogombana na wenzao, upande huu yanaungua, upande ule mabichi. Alikuja hapa kwa miguu kutoka Kanyosha kunigombeza: "We Soumaya, ulishindwa nini kuwaambia nyumba yako imepinda? Sasa sote tupinde?" Ukoo mzima unanilaumu mimi, wakati mimi sikuunda jiko, niliinama tu.

4. Tiba. Hapa nakuomba ukae vizuri, Bwana Mkurugenzi, maana hapa sicheki tena sana.

Zamani, kabla ya jiko la Injinia, nyumba yangu ilikuwa na moshi. Tulilia machozi, lakini mbu walikuwa hawaingii. Daktari Léonce alitega mitego yake, akapata mbu mmoja, tena mzee, akaandika kwamba malaria nchini imepungua. Halafu Injinia akaleta jiko lisilo na moshi. Mbu wakarudi na jamaa zao wote. Faridi akashikwa na homa, meno yakigongana katika kinywa chenye meno manne. Alipona, alhamdulillahi, na nilimpeleka mwenyewe kwa mguu hadi zahanati. Daktari Léonce alisikitika kweli, sikatai, lakini niliona pia anafurahi kidogo, kama mtu aliyekuta ufunguo wake.

Ndipo akaleta chandarua. Kizuri, cheupe, kimelowekwa dawa. Nikamwombea dua. Wiki ya kwanza tulilala kama watu. Wiki ya pili akaja, akapanda kigoda, akakivua, akakikunja, akakitia mkobani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema: wiki moja mtoto alale ndani ya chandarua, wiki moja nje, ili aweze kupima tofauti.

Bwana Mkurugenzi, mimi sikusoma sana, lakini tofauti hiyo ina jina. Inaitwa Faridi. Iko hapa mgongoni kwangu, inanidondoshea mate shingoni, na wiki ambazo chandarua kiko kwa Daktari mimi silali. Nakaa na kanga mkononi nikiwapungia mbu mpaka mkono unakufa ganzi. Mvua za masika zimefika. Wiki ijayo Daktari atakuja tena kukivua. Naomba asije.

5. Usingizi. Tena wote wanne huja mchana, kati ya adhuhuri na alasiri, kwa kuwa asubuhi mna mikutano na jioni kuna marufuku ya kutembea. Huo ndio wakati pekee Faridi analala, na wakati pekee ambao mimi ningeweza kulala. Hodi ya Bwana Musafiri ni laini. Ya Injinia ni ya nyundo.

6. Haki zangu. Nimefikiri sana juu ya jambo hili nikiwa napunga kanga. Kama mimi ni Burundi nzima, kwenye sanaa, jamii, ufundi na tiba, basi nina haki za nchi. Nchi ina mipaka. Kwa hiyo natangaza kwamba mpaka wangu ni pale kwenye kizingiti, na kuanzia Jumatatu umefungwa. Mtafiti anayetaka kuingia atasimama nje na kueleza sababu za safari yake, na mimi nitafikiria. Na kama chandarua kitavuliwa tena, nitawawekea vikwazo kamili, kama tulivyowekewa sisi. Hakuna majibu, hakuna nyimbo, hakuna kidole cha kutobolewa damu, hakuna hata maji ya kunywa. Mtaona taasisi yenu itakavyobaki juu ya matofali kama gari lenu.

Nakushauri basi mtafute Burundi nyingine. Kuna mama jirani upande wa pili wa barabara, sakafu yake haikuinama, ana watoto sita na anapenda kuongea. Mimi niacheni niwe mtu mmoja tu, mwenye mume aliye hai.

Nisalimie mke wako na watoto. Nisalimie mlinzi wa getini, Mzee Anselme, mwambie ile dawa ya kikohozi aliyotupa imemsaidia Yahaya. Wasalimie watafiti wako wote wanne, maana ugomvi wangu ni na kazi, si na watu. Mungu awazidishie elimu, na awaonyeshe nyumba nyingine.

Ni mimi jirani yako mwenye heshima na usingizi,

Soumaya, Mama Faridi

N.B. Bwana Mkurugenzi, nilikuwa nimeshaifunga barua. Nimeifungua tena.

Jana Alhamisi, siku ya kuvua chandarua, nilisimama mlangoni nikiulinda mpaka wangu. Nadhani ulizisikia zile bunduki kule juu milimani. Watafiti wako wanne walikuwa barabarani, na mlango wa karibu ulikuwa wangu. Hawakueleza sababu za safari. Waliingia, nikafunga, tukakaa sakafuni sote, tumeteremkia upande wa mlangoni kama maharage ya Fatouma. Hakuna aliyetoa karatasi. Faridi alianza kulia. Dada Spéciose akawasha taa yake nyekundu, akauimba wimbo wa lori kwa sauti ndogo, akakosea maneno, na mtoto akalala. Bwana Musafiri akachambua mchele, akanigeukia akasema, "Mama Faridi, leo uwe Soumaya tu, upumzike." Injinia akaninong'oneza kwamba kesho anaenda Kanyosha na msumeno, kuikata ile miguu.

Na mimi, Bwana Mkurugenzi, nilisinzia. Kukiwa na bunduki, mchana, mbele ya wageni, nilisinzia mpaka alasiri ikanipita.

Nilipofumbua macho Daktari Léonce alikuwa juu ya kigoda, mikono kwenye kamba ya chandarua. Nilikuwa tayari kusema. Akamtazama Faridi aliyelala chini yake, akashuka polepole. "Leo mkoba umejaa," akasema, "hakitaingia." Mkoba ule niliuona. Ulikuwa na nusu mkate.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yasome ukitaka, lakini usiyafuate. Huyo mama wa ng'ambo ya barabara achana naye, anaongea mno. Daktari asigombezwe kwa tofauti atakayokosa. Mpaka uko wazi. Ila mniletee haya yaliyobaki:

dawa ya kuloweka chandarua, maana wanasema inaisha nguvu;

betri za ile taa nyekundu;

kigoda kimoja, kwa kuwa wageni ni wanne na vigoda ni vitatu;

msumeno, Injinia akishamaliza Kanyosha, Yahaya anauhitaji;

na watafiti wangu wote wanne, kila Alhamisi baada ya adhuhuri, bila karatasi. Wagonge taratibu.