Afisa wa Mambo ya Juu

Idara ya Uratibu wa Wanamichezo Wastaafu, Wete, ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba hakuna mchezaji wa Pemba atakayestaafu tena ovyo ovyo. Kuanzia sasa kustaafu kutakuwa na ngazi saba, kila ngazi na fomu yake.

Wa kwanza kunufaika alikuwa Himid Ngwali wa Gando. Himid alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa Misri na Uturuki miaka kumi na mitatu, mpaka goti la kushoto likamwambia basi. Alirudi na urefu wake wote, mita mbili na sentimita nane, na ombi moja tu: kibali cha kusimamisha magoli mawili Gando, awafundishe wasichana waliokuwa wakirusha mpira kwenye ndoo isiyo na kitako iliyogongomewa mnazini. Mbao na ringi alikwisha nunua mwenyewe.

"Kibali cha magoli kipo ngazi ya saba," alieleza Mkurugenzi, Bwana Haidar, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. "Mbao zilete stoo zikae salama. Wewe unaanza ngazi ya kwanza. Afisa wa Mambo ya Juu."

Kazi ilikuwa kuteremsha mafaili, kubadilisha balbu na kupangusa utando wa buibui. Mama yake, Bi Yumna, aliisoma barua ya ajira mara mbili.

"Mwanangu, kumbe urefu nao una barua?"

"Na muhuri, mama."

Himid alijituma. Kwa miezi minne alipanda ngazi tano, na buibui wakahama jengo. Ila kila alipoingia ofisini, Mkurugenzi alilazimika kutazama juu, na shingo ikaanza kumuuma. Kamati iliketi siku mbili, ikala sambusa, ikabaini kuwa kosa ni la Himid. Ukatoka waraka: ni marufuku mtumishi yeyote kuwa juu ya Mkurugenzi saa za kazi.

Himid akapewa kigoda. Magoti yakamfika masikioni, na bado kichwa chake kililingana na cha Mkurugenzi kitini. Kamati ikaketi tena. Safari hii iliamua kumpandisha Mkurugenzi. Fundi akajenga jukwaa refu, meza na kiti vikapelekwa huko juu. Mbao alizitoa stoo.

Himid alizitambua. Zilikuwa zake. Akafikiria ile ndoo ya Gando, akarudi kigodani kwake.

Jumatano akaja mkaguzi kutoka Unguja, Bi Jawaher. Bwana Haidar, akiwa tayari juu ya jukwaa, aliamuru ngazi ya kupandia iondolewe, isiharibu taswira ya ofisi. Umeme uliokuwa umekatika tangu asubuhi ukarudi. Feni ya dari ikazunguka, ikamnyakua Mkurugenzi kofia, naye akajilaza kifudifudi juu ya meza.

"Shikamoo, Bi," alisema Himid kutoka kigodani.

"Marahaba. Mkurugenzi yuko wapi?"

"Juu, Bi."

Bi Jawaher akatazama dari. "Zima feni hiyo, umteremshe mwenzio!"

Himid alinyoosha mkono akazima feni bila kuinuka. "Kuinuka ndiyo siwezi. Waraka."

Bi Jawaher akausoma. "Nani katia saini?"

"Mimi!" ilisema sauti ya mezani. "Lakini naufuta!"

"Waraka wa kamati hufutwa na kamati. Iko wapi?"

Kamati ilikuwa kijijini Shumba, kwenye ziara ya mafunzo kuhusu vigoda.

"Basi sheria ifuatwe," alisema Bi Jawaher. "Mchukue mabegani. Hapo hutakuwa juu yake. Na mbao hizi za nani?"

Himid akamweleza. Bi Jawaher hakuuliza ngazi wala fomu. Alikiandika kibali palepale, akampa.

Himid akatoka na Mkurugenzi mabegani. Mlangoni Himid aliinama, Mkurugenzi hakukumbuka. Sokoni watu waliacha kupima ndizi. Fundi alilibomoa jukwaa, akafuata nyuma na mbao kwenye gari la ng'ombe.

Alasiri ilipoingia, nguzo zilikwisha simama Gando, na kilichobaki ni ringi. Kwa kuwa saa za kazi hazijaisha na Himid hakuruhusiwa kuinua hata mkono juu ya bosi, nyundo akapewa Mkurugenzi. Aligonga akitoka jasho, wasichana wakimpigia makofi.

"Kocha," aliuliza Shamima, nahodha wao, "huyo babu atashuka saa ngapi?"

"Mwache," alisema Himid, akihamia nguzo ya upande wa pili. "Bado goli moja."