Bango la Profesa Dadzie

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeitwa ofisini kwa Dk. Mbroh. Nilidhani napongezwa. Wapi! Nilikuwa nimemwomba barua ya kuniombea nafasi ya uzamili kule Dakar, naye akafungua daftari la mahudhurio ya semina za idara. Miaka mitatu nzima. Jina la Ebo Tandoh halimo hata mara moja.

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba sisi wa shahada ya kwanza hatujui semina hizo zinafanyika wapi wala lini. Hakubisha. Akasema Ijumaa saa tisa alasiri Profesa Ewurama Dadzie anakuja kuzungumza juu ya namba tasa. Niwalete wanafunzi ishirini wa shahada ya kwanza, niketi nao, niandike jina, barua nitaipata. Nisipowaleta, nikaombe barua kwa kocha wa mpira.

Ishirini tu. Nimeanza kukunja mashati ya safari.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemuuliza Mansa Quaye yeye huzijuaje semina. Tunasoma darasa moja na haijampita hata moja. Naye anaitaka Dakar, na idara yetu ina nafasi moja. Akasema orodha hubandikwa kila Jumatatu kwenye mlango wa Dk. Mbroh. Vilevile unampa katibu barua pepe yako, unatumiwa taarifa. Au unamuuliza mwalimu yeyote kuna nini wiki hii. Basi, kwisha.

Njia ya kuchosha kabisa. Inafaa watu wasio na vipaji.

Nikasimama saa nzima karibu na tangazo la semina nililobandika ubaoni. Hakuna aliyelisoma, ila mmoja aliyeegemea hapo kufunga kiatu. Nikatoka getini kwa hasira. Pale ukutani mabango ya misiba yamejaa kama kawaida, na watu wamesimama safu mbili wanasoma: marehemu nani, watoto wangapi, mazishi wapi. Kuna kijana aliyechelewa mtihani, akasoma mpaka mstari wa mwisho.

Nikapata wazo. 

Jumatano, 5 Novemba

Kaka Otoo ndiye mchapaji bora wa mabango ya misiba mjini. Nikampa picha ya Profesa. Akauliza amefariki lini. Nikamwambia hajafariki. Akasema basi nimefanya vizuri kuwahi, wateja wake wengi huchelewa.

Bango limetoka zuri mno. Picha kubwa, ukingo mweusi na mwekundu, mshumaa kila upande. Jina, umri wa miaka sitini na moja, siku, saa, Ukumbi wa Pili, vinywaji baadaye. Chini, majina ya walimu wote wa idara kwa kufuata ukubwa. Mada ya mhadhara haikuenea, tukaiondoa. Neno “marehemu” halimo popote. Mimi si mwongo.

Alhamisi, 6 Novemba

Mabango sitini: getini, sokoni, makanisani, stendi. Watu wanasimama! Wanatikisa vichwa. Mama mmoja muuza samaki alifuta machozi. Sikujua kwamba hesabu zinawagusa watu kiasi hiki.

Mansa ameliona. Akasema nimemzika mtu mzima mzima, na kwamba akili zangu ni za kuvukia barabara tu. Wivu. Akanikumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kutafuta watu ishirini wa kusikiliza namba tasa.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimejificha stoo ya viti. Naandika kwa tochi ya simu.

Saa nane ukumbi ulikuwa umejaa. Watu mia mbili, wote wamevaa nguo nyeusi na nyekundu za msiba. Kwaya. Tarumbeta mbili. Akina mama wa kanisa wameshika mlango kama walivyozoea misibani, na aliyevaa rangi nyingine haulizwi mara mbili, anaondoshwa. Mimi nilikuwa na shati la kijani. Wakanipa kazi ya kubeba viti.

Saa tisa kasoro Profesa Dadzie akaingia, begi begani. Kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Mtu wa tarumbeta akatokea dirishani. Profesa akaitazama picha yake kwenye kitambaa cha meza, kisha akauliza kwa upole kama amekosea chumba.

Hapo mzee mmoja wa mstari wa mbele akainuka kwa mkongojo. Mwalimu Hayfron, aliyemfundisha Profesa hesabu darasa la nne. Amesafiri tangu alfajiri kuja kumzika. Alimshika mikono yote miwili akalia bila aibu, na Profesa naye akalia. Mimi na kiti changu kichwani tulilia pia. Kisha mzee akafuta uso, akaketi, akamwamuru aende ubaoni aonyeshe kazi, maana watu wametoka mbali.

Profesa alizungumza saa nzima. Hakuna aliyeondoka. Muuza samaki akauliza namba tasa zikizidi kuwa adimu, kwa nini haziishi. Profesa akasema hilo ndilo swali lenyewe.

Jumamosi, 8 Novemba

Dk. Mbroh hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Wanafunzi wa shahada ya kwanza ndani ya ukumbi: sifuri. Mansa alikuja na kumi na wanane, waliosoma orodha ya mlangoni. Akina mama waliwafukuza kwa sababu ya mashati ya rangi. Wakasikiliza wakiwa wamesimama dirishani hadi mwisho, daftari likapitishwa huko nje, wakaandika majina.

Nikasema mimi nilikuwemo. Akaniuliza niliketi wapi. 

Barua ya Dakar ni ya Mansa. Nimeumia, sitaki kujidanganya. Amenipitia bwenini jioni kunipa pole, akaniletea kenkey ya unga wa mahindi na samaki. Nimekula vyote kwa uchungu.

Jumatatu, 10 Novemba

Dk. Mbroh ameniita tena. Dakar ipo mwakani. Nihudhurie semina sita, nikiwa nimeketi, kuanzia Alhamisi hii, naye ataandika. Akanionyesha orodha mlangoni kwa kidole, kama mtoto.

Nimetubu. Nimeona kosa langu waziwazi: msiba. Watu huja na huzuni, na akina mama hushika mlango.

Alhamisi hii wazungumzaji ni wawili: Dk. Mbroh mwenyewe na Dk. Sagoe wa fizikia. Mwanamke na mwanamume. Nimetoka kwa Kaka Otoo sasa hivi. Bango lina maua pembeni, pete mbili, picha zao bega kwa bega, na maneno “Wote mnakaribishwa.” Mke wa Dk. Sagoe anaishi Takoradi. Hataliona.